Shaka na Saa 24: Mwenye Tangi la Ardhini kama Shahidi Dhidi Yake Mwenyewe

Asubuhi, kabla pampu hazijafunguliwa, mhudumu wa kituo cha mafuta hufungua mfuniko wa tangi, huteremsha ufito mrefu wenye alama hadi uguse chini, huuchomoa upesi na kusoma unyevu wa petroli ulipokomea. Mara kwa mara hupaka ncha ya ufito dawa inayogeuka rangi ikikutana na maji. Kisha huandika: kilichokuwamo jana, kilichoshushwa na lori, kilichouzwa kwa mita za pampu, kilichobaki. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na siri ya tangi lililofukiwa iko kwenye ufito huo na daftari lake. Jirani mwenye kisima cha maji haijui, wala ofisa wa serikali haijui. Makala haya yanahusu siku ambayo hesabu hiyo inakataa kulingana, na swali la kisheria linalofuata: mwenye tangi amwambie nani, lini, na akiwa na uhakika kiasi gani?

Marekani imelijibu swali hili kwa maandishi marefu. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo liliiongezea sheria ya taka ya 1976 sehemu mahususi kuhusu matangi ya ardhini, baada ya kubainika kwamba matangi ya chuma kitupu yaliyofukiwa katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili yalikuwa yakiliwa na kutu na kuvuja. Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, EPA, likatoa kanuni za kiufundi mwaka 1988, likawapa wenye matangi ya zamani hadi tarehe 22 Desemba 1998 kuyaboresha au kuyafunga. Kanuni zilipoanza, matangi yaliyohusika yalikuwa takriban milioni mbili. Leo yanayotumika yamebaki nusu milioni na ushei. Uvujaji uliothibitishwa tangu wakati huo umepita matukio 560,000.

Taarifa ya kwanza iliyodaiwa ilikuwa nyepesi kabisa: sema kwamba tangi lipo. Kufikia tarehe 8 Mei 1986 wenye matangi walitakiwa wawe wameyatangaza kwa mamlaka za majimbo yao, pamoja na yale yaliyoachwa kutumika baada ya mwanzo wa 1974 lakini bado yakiwa ardhini. Siku hizi tangi jipya hutangazwa ndani ya siku 30 tangu lianze kutumika. Tangu marekebisho ya 2015, anayenunua kituo naye ana siku 30 kujitambulisha. Anayetaka kulifunga moja kwa moja hutoa taarifa siku 30 kabla. Hata muuzaji wa tangi amebebeshwa jukumu la kumkumbusha mnunuzi wajibu wake. Haya yote ni uandikishaji, na hayahitaji kutukawiza, kwa kuwa hayamgharimu mwenye tangi ila karatasi.

Taarifa inayouma ni ya uvujaji. Kanuni inamtaka mwenye tangi aiarifu mamlaka ndani ya saa 24 anapo*shuku* kwamba tangi linavuja, na si anapothibitisha. Petroli ikionekana katika chumba cha chini cha jirani au kwenye mtaro, pampu ikianza kufanya kazi kwa namna isiyo ya kawaida, maji yakikutwa ndani ya tangi bila sababu, au kipimo cha mwezi kikiashiria upungufu, saa imeanza kuhesabu, na siku saba zimetengwa za kuchunguza. Uvujaji ukithibitika, zinafuata ripoti ya hatua za awali ndani ya siku 20 na ripoti ya hali ya eneo ndani ya siku 45.

Kwa nini sheria ikachagua shaka? Kwa sababu uthibitisho huchelewa, na mafuta hayasubiri. Chukua petroli yenye benzeni asilimia moja. Lita moja ya petroli hiyo ina gramu 8 au 9 za benzeni, na kikomo cha benzeni katika maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita. Gramu hizo zinatosha kuvusha kikomo lita zaidi ya milioni moja na nusu za maji. Mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake mwaka 1996, ukapoteza karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya MTBE, kiongezo cha petroli kinachoyeyuka upesi katika maji na kusafiri mbali. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa yalikuwa matangi ya vituo vya mafuta.

Lakini kumtaka mtu ajishuku kwa maandishi ni jambo gumu. Wapo wanaoona kwamba faini ndiyo inayomfanya aseme. Sioni hivyo. Faini humtisha anayeweza kukamatwa, na tangi liko chini ya zege. Kinachomfanya aseme ni fedha na lori. Mwaka 1986 Marekani iliunda mfuko wa kusafisha uvujaji kwa tozo ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni, na kanuni zikamtaka mwenye kituo cha kuuza mafuta awe na bima au dhamana ya dola milioni moja kwa tukio. Bima hizo kwa kawaida hulipa madai yaliyowasilishwa katika muda wa mkataba, na kanuni huongeza miezi sita tu baada ya mkataba kukoma. Anayenyamaza hadi muda huo upite atajilipia mwenyewe. Kisha sheria ya nishati ya 2005 ikapiga marufuku kushusha mafuta katika tangi lisilotimiza masharti. Kituo ambacho lori halishushi kitu ni kibanda cha kuuzia soda, na mwenye kituo analijua hilo kuliko anavyojua kifungu chochote.

Hapa ndipo nafika kwenye kasoro ninayotaka wasomaji waitazame, nayo iko katika tafsiri ya neno shaka. Mwenye tangi anayetegemea ufito na daftari hahesabiwi kuwa na shaka mpaka upungufu au ziada ya mwezi ipite asilimia moja ya mafuta yaliyopita tangini pamoja na galoni 130. Tangi linalopitisha galoni 50,000 kwa mwezi linaruhusiwa tofauti ya galoni 630, yaani lita karibu 2,400. Zikipita hapo, bado anaweza kungoja mwezi wa pili uthibitishe wa kwanza. Linganisha na kanuni ya mafuta yanayomwagika juu ya ardhi machoni pa watu: yakizidi galoni 25, lita 95 hivi, taarifa ni ndani ya saa 24. Yanayoonekana yana kikomo kidogo. Yanayozama kuelekea kisima cha jirani yana kikomo kikubwa mara 25.

Kikomo hicho hakikuwekwa kwa hila. Ufito husomwa hadi thumni ya inchi, na katikati ya tangi la mlalo la galoni 10,000 lenye kipenyo cha futi nane, thumni moja ni kama galoni 17. Petroli nayo hunywea ikipoa: lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hupungua takriban lita 95 bila tone kuvuja. Kupima kwa mkono kuna makosa, na kila kosa likiitwa shaka, ofisi za majimbo zitazama katika taarifa za bure. EPA imepunguza tatizo kwa kuruhusu njia hii katika miaka 10 ya kwanza ya tangi tu, tena pamoja na kipimo cha kuhakikisha kwamba tangi halivuji, kila miaka mitano. Hata kifaa cha kielektroniki, kinachotakiwa kugundua uvujaji wa galoni 0.2 kwa saa, kinaweza kukaa kimya chini ya hapo. Na galoni 0.2 kwa saa ni galoni 144 kwa siku 30.

Hata hivyo kosa la kupima na uvujaji vina tabia tofauti. Kosa huyumba: mwezi huu ziada, mwezi ujao upungufu. Uvujaji huelekea upande mmoja tu. Daftari lenye upungufu miezi sita mfululizo, kila mwezi ukiwa ndani ya kikomo, linasema jambo ambalo hesabu ya mwezi mmoja haiwezi kusema. Itajibiwa kwamba huenda ni wizi, au lori linashusha pungufu. Huenda. Basi mwenye kituo ana sababu mbili za kuchunguza badala ya moja. Nadai kwamba mfululizo wa alama za upande mmoja uhesabiwe kuwa shaka kisheria, hata pale kiasi kinapokuwa kidogo.

Dai hilo linahitaji daftari la zamani, na hapa kanuni zinajikata zenyewe. Ukaguzi wa kituo ni angalau mara moja kila miaka mitatu, kwa sheria ya 2005. Matokeo ya ufuatiliaji wa uvujaji, kwa kanuni za EPA, hutakiwa kutunzwa angalau mwaka mmoja. Mkaguzi anapofika, kurasa za miaka miwili zinaweza kuwa zimetupwa kihalali, na mfululizo niliousema umeondoka nazo. Wanaoandika au kurekebisha kanuni za vituo vya mafuta katika nchi zetu, ambako ufito na daftari bado ni kazi ya kila asubuhi, wasilinakili pengo hilo: daftari likae muda usiopungua nafasi iliyopo kati ya ukaguzi mmoja na mwingine.