Wekundu wa Msimbazi: Historia Fupi ya Klabu ya Simba na Matumaini ya Kombe la Afrika, 1936–2025

Historia ya Klabu ya Simba ya Dar es Salaam, inayotimiza miaka 90 mwaka 2026, husimuliwa mara nyingi kwa kuhesabu ubingwa wa ligi na mabao iliyowafunga watani wake wa jadi, na hesabu hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, anayetaka kuelewa ni nini kinachomrudisha mshabiki wa Simba uwanjani msimu hadi msimu hana budi kuitazama historia hiyo kupitia kombe ambalo, hadi msimu wa 2024/25 ulipomalizika, klabu hiyo ilikuwa imelikaribia mara mbili bila kulitia mkononi, yaani kombe la mashindano ya klabu yanayoendeshwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF).

Klabu ilizaliwa mwaka 1936, baada ya kundi la wanachama kujitenga na Young Africans, maarufu kama Yanga, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla. Ilianza kwa jina la Queens, ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba ambalo halikuhitaji kutafsiriwa kwa yeyote. Makao yake katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, pamoja na rangi ya jezi zake, ndiyo yaliyoipa lakabu ya Wekundu wa Msimbazi. Kwa kuwa klabu hizi mbili zimetoka katika tumbo moja, uhasama wao umepewa jina la utani wa jadi, na jina hilo limechaguliwa vyema, maana utani katika mila za Tanzania ni uhusiano unaowaruhusu watu kusemana kwa maneno makali bila kuvunja undugu. Ushindi wa mabao 6-0 wa mwaka 1977, ambapo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu, ungali silaha ya utani huo.

Ndani ya nchi Simba haikuchelewa kung'ara, kwani ikiwa bado Sunderland ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965, na kati ya 1976 na 1980 iliuchukua mara 5 mfululizo. Barani, mlango ulifunguka mwaka 1974, ilipoitoa Hearts of Oak ya Ghana na kuingia nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa, ikakutana na Ghazl El Mahalla ya Misri. Kila timu ilishinda 1-0 nyumbani kwake, na Simba ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka huohuo ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati lilipochezwa kwa mara ya kwanza, lakini kwa mshabiki aliyekwisha kuiona fainali ya Afrika kwa umbali wa mikwaju michache, kombe la ukanda halikuweza kuwa mwisho wa safari.

Tukio lililoyapa matumaini hayo umbo lake la kudumu ni la mwaka 1979, na ndilo linalostahili kukaliwa zaidi kuliko mataji mengi. Katika mashindano hayohayo ya klabu bingwa, Simba ilifungwa 4-0 jijini Dar es Salaam na Mufulira Wanderers ya Zambia, matokeo ambayo kwa kawaida huufanya mchezo wa marudiano kuwa wa kukamilisha ratiba tu. Jijini Lusaka Simba ilishinda 5-0, huku Thuwein Ally akifunga mabao matatu, ikasonga mbele kwa jumla ya mabao 5-4. Haikufika mbali baada ya hapo, na jambo hilo halipunguzi chochote, kwa sababu siku hiyo mshabiki alipata ushahidi wa kile ambacho leo huitwa kupindua meza, yaani kuyageuza matokeo ambayo wengine wote wamekwisha kuyahesabu kuwa yamefungwa.

Fainali ya kwanza ilikuja mwaka 1993, katika Kombe la CAF, mashindano ya timu zilizofanya vizuri katika ligi zao bila kupata nafasi katika makombe mawili makubwa zaidi ya wakati huo. Mwaka 2004 yaliunganishwa na Kombe la Washindi na kuzaa Kombe la Shirikisho. Ikifundishwa na Kibadeni yuleyule, Simba ilitoka sare ya 0-0 na Stella ya Abidjan ugenini, kwa hiyo ushindi wowote nyumbani ungetosha. Stella ilishinda 2-0, na kombe likaondoka mbele ya macho ya wenyeji. Ni jeraha la pekee, kwa kuwa halikuletwa na ugumu wa safari wala ukali wa ugenini.

Mwaka 2003 Simba iliivua ubingwa wa Afrika Zamalek ya Misri, tena kwa penalti zilizopigwa Cairo, na tangu msimu wa 2018/19 robo fainali imekuwa makazi yake ya kawaida. Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu wapatao 60,000, uligeuka ngome iliyotungiwa tambo la "Kwa Mkapa hatoki mtu", likimaanisha kwamba mgeni haondoki hapo salama. Mwaka 2021, baada ya kufungwa 4-0 na Kaizer Chiefs huko Afrika Kusini, Simba ilishinda 3-0 nyumbani. Lilipungua bao moja tu ili mikwaju ya penalti ipigwe, na habari za Lusaka zikawa midomoni upya.

Aprili 2025, katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba ilifuta deni la mabao 2-0 dhidi ya Al Masry ya Misri na kushinda kwa penalti, kisha ikaitoa Stellenbosch ya Afrika Kusini. Mei 17 ilifungwa 2-0 na RS Berkane ya Morocco katika mkondo wa kwanza wa fainali, deni lilelile lililofutwa mwezi mmoja kabla, hivyo aliyeamini kwamba lingefutika hakuwa anaota. Mchezo wa marudiano, hata hivyo, ulihamishiwa Amaan, Zanzibar, uwanja mdogo sana kuliko ule wa Mkapa. Joshua Mutale alifunga mapema, mchezaji mmoja wa Simba akatolewa kwa kadi nyekundu, na bao la dakika za mwisho la Berkane likaufanya mchezo uishe kwa sare ya 1-1.

Mtoto wa miaka 10 aliyeshuhudia Stella ikiondoka na kombe alikuwa na takriban miaka 42 siku hiyo. Anachokitaka sasa kinaweza kutajwa kwa maneno machache: fainali ya tatu, marudiano yachezwe Kwa Mkapa, na nahodha aliyevaa nyekundu aliinue kombe mbele ya jukwaa ambalo mwaka 2025 lilibaki tupu.