Sharubati, Theluji na Chai ya Barafu: Glasi ya Baridi Ilitoka Wapi?



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, kiangazi kimeingia, na hapa Bujumbura jua la saa nane mchana halimwonei mtu huruma. Buyenzi nyumba yenye firigo siku hizi haikosi jagi la chai ya baridi iliyotiwa nanasi, ndimu au marakuja (wengine mnayaita mapasheni). Ni kinywaji kizuri, alhamdulillaah, na ni rahisi kuliko soda. Lakini kiangazi kilichopita kilinigombanisha na mzazi mmoja, na ndiyo sababu ya makala hii.

Mwanafunzi wangu alikuja madrasa na dumu la lita tano kutoka kwa mama yake. Ilikuwa chai ya nanasi na tangawizi, iliyolowekwa pamoja na maganda, na ilikuwa imekaa jikoni tangu juzi yake kwa sababu umeme ulikatika. Kijana alipofungua kifuniko kikalia "pss", povu likapanda. Akaniambia, "Ustadhi, hii inachemka bila moto." Nikainusa, nikaenda nayo nje nikaimwaga yote. Kesho yake mama akaja. "Maalim, umemwaga sukari yangu, na mbele ya watoto umenifanya mimi kama muuza pombe." Nilimjibu kwa ukali. Hukumu ya kumwaga sijutii, ila jibu langu ninalijutia mpaka leo, kwa sababu mama yule hakuwa na nia mbaya na mimi sikumfundisha kitu. Basi nalipa deni kwa kuandika.

Tuanzie Madina. Watu wengi hudhani kupenda kinywaji cha baridi ni anasa ya zama za firigo. Imepokewa kutoka kwa mama yetu Aisha (r.a.), naye at-Tirmidhi ameitaja, kwamba kinywaji kilichopendwa zaidi na Mtume (s.a.w.) kilikuwa kile kitamu na cha baridi. Abu Daawuud naye amepokea kwamba alikuwa akiletewa maji matamu kutoka as-Suqya, mahali pa mwendo wa siku mbili kutoka Madina. Na katika Bukhari kuna habari ya Mtume (s.a.w.) kuingia shambani kwa mtu mmoja katika Answari siku ya joto, akamuuliza kama anayo maji yaliyolala usiku katika kiriba kikuukuu. Kwa nini kikuukuu? Kwa sababu ngozi iliyochakaa hupitisha unyevu kidogo kidogo, unyevu ule unapokauka nje huchukua joto la maji yaliyo ndani. Ndiyo kazi ile ile ya mtungi wa udongo wa bibi zetu, ambao sisi tumeutupa na kununua mashine inayolala kila umeme unapolala.

Utamu wao ulikuwa nabidh, yaani tende au zabibu zilizolowekwa majini. Hapa wanafunzi wangu hushtuka, kwa sababu wengine wamesikia neno hili likitumika kwa maana ya pombe, na kweli katika Kiarabu cha leo ndiyo maana yake ya kawaida. Lakini nabidh ya nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa sharubati tu. Amepokea Muslim kutoka kwa Aisha (r.a.) kwamba iliyolowekwa asubuhi ilinywewa jioni, na ya jioni ilinywewa asubuhi. Na kutoka kwa Ibn Abbaas (r.a.) imekuja kwamba zabibu zililowekwa, akanywa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu hadi jioni, kisha kilichobaki kikatolewa au kikamwagwa. Tazameni vizuri: palikuwa na muda unaohesabiwa. Tena lilikuja katazo la kuloweka pamoja tende na zabibu, na wanavyuoni wengi wameeleza kwamba mchanganyiko huchacha upesi. Mafaqihi wa Kufa na wa Hijazi walijadiliana mno juu ya nabidh, mjadala mrefu ambao sitauingia hapa. Kwamba kinacholevya ni haramu hakuna shaka kwetu sote.

Sasa, baridi ya kweli ilikuja na theluji. Misri hakuna milima ya theluji, lakini masultani wa Mamluki walikunywa sharubati ya theluji katikati ya joto la Cairo. Al-Qalqashandi, karani mkubwa aliyefariki 1418, ameeleza mpango wenyewe: theluji ilitolewa Shamu, ikaletwa kwa ngamia waliobadilishwa vituoni, na nyingine kwa majahazi, hadi ngome ya Sultani. Yaani Sultani alikuwa na posta ya barua na posta ya theluji! Waothmani nao waliteremsha theluji kutoka mlima Uludağ ulio karibu na Bursa ikapelekwa Istanbul. Huko India, Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, ameandika katika Ain-i-Akbari jinsi maji yalivyopozwa kwa shura, ile chumvi ya baruti: chupa ya maji iliyofungwa ilizungushwa ndani ya maji yenye shura, na maji yakapoa. Kuanzia miaka ya 1580, Akbar alipohamia upande wa Lahore, theluji na barafu zikawa zinaletwa kutoka milimani.

Neno nalo lilisafiri. Kiarabu shariba ni kunywa. Kutokana nalo Waajemi na Waturuki wakasema sharbat na şerbet, Wataliano sorbetto, Wafaransa sorbet (wale wetu waliosoma Kifaransa wanalijua), na sisi Waswahili tukasema sharubati. Sukari pia ni neno lililopita kwa Waarabu, na miwa ilienea Misri, Sisilia na Andalusi mikononi mwa Waislamu. Sitaki mtoto wa madrasa anywe juisi ya nanasi akidhani imeletwa na matangazo ya televisheni.

Na chai ya barafu je? Hiyo ni ya Marekani, tuwape haki yao. Ilihitaji barafu ya bei nafuu kwanza. Mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston alianza mwaka 1806 kupeleka Martinique barafu iliyokatwa kwenye mabwawa wakati wa baridi. Watu walimcheka. Mwaka 1833 meli yake Tuscany ilichukua tani 180 hadi Calcutta, safari ya miezi minne yenye kuvuka ikweta mara mbili, na tani kama 100 zikafika zikiwa bado barafu. Bara lile lile ambalo Akbar aliletewa barafu kutoka milimani, sasa wenyeji wa Calcutta wakaipata kutoka upande wa pili wa dunia. Siri kubwa ilikuwa unga wa mbao, wenye mbao walioutupa kama takataka; ukizungushwa kwenye mabonge ya barafu huzuia joto.

Utasoma mahali pengi kwamba chai ya barafu ilibuniwa mwaka 1904 na Richard Blechynden kwenye maonyesho ya St. Louis: alikuwa akitangaza chai ya India, joto likazidi, hakuna aliyetaka chai ya moto, akaimwagia barafu. Kisa kitamu, lakini kuwa yeye ndiye mwanzilishi si kweli. Kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree wa Virginia, kilichotoka 1879, kina chai ya barafu yenye sukari na limau. Na mwaka 1890, katika jimbo hilo hilo la Missouri, mkutano wa askari wazee ulikunywa galoni 880 za chai ya barafu, zaidi ya lita 3,300. Maonyesho ya 1904 yaliitangaza tu. Wanafunzi wa historia, na hata wa hadithi, mnaona hapa kwa nini tunauliza: nani kasema, na kabla yake nani alisema?

Turudi jikoni. Chukua maji lita moja yaliyochemka, yaondoe motoni, tia vijiko vidogo vitatu vya majani (ya Teza au Rwegura yanafaa sana), funika dakika tano tu. Ukiyachemsha majani au kuyaacha saa nzima, chai itakuwa chungu na utaizidishia sukari bure. Chuja. Tia sukari ingali moto, vijiko vikubwa vitatu au vinne, kwani katika baridi haiyeyuki vizuri. Iache ipoe yenyewe kabla ya kuiweka kwenye firigo. Ikipozwa ghafla mara nyingi hugeuka kama ina ukungu, haidhuru ila haipendezi. Maji ya matunda yatie mwisho: marakuja manne yaliyochujwa, au glasi ya nanasi lililomenywa na ndimu moja. Na barafu igandishwe kwa maji yaliyochemshwa. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu, na sisi wa kando ya ziwa tunaujua ugonjwa huo.

Ama maganda ya nanasi, yana hamira ya asili juu yake. Ukiyaloweka na sukari mahali pa joto, hamira ile hula sukari na kutoa hewa na kileo. Povu aliloliona kijana wangu ndilo hilo. Ukitaka harufu ya maganda, yaoshe, yachemshe vizuri dakika kumi, uyachuje na kuyatupa. Jagi likae kwenye baridi na linywewe siku hiyo, au kesho yake asubuhi. Umeme ukikatika mchana kutwa, usilisubiri: wape majirani. Likitoa mapovu, likilia kifuniko kinapofunguliwa au likiwa na ukali usiokuwepo jana, limwage, hata kama sukari ni ghali.

Mama yule nilimwendea baadaye na mke wangu, nikamwomba radhi kwa ukali wangu, nikamsimulia habari ya Ibn Abbaas na siku zile tatu. Akaniuliza, "Sasa Maalim, siku ile si ungeniambia hivyo?" Sikuwa na jibu. Siku hizi hubandika karatasi kwenye dumu na kuandika saa aliyolijaza. Wiki iliyopita alituletea la marakuja, limeandikwa saa nne asubuhi, na baada ya Adhuhuri lilikuwa tupu.