Shanga za Venezia kwenye Njia ya Kilwa

Ukifika Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, jioni, usipa wamekwisha anuliwa vichanjani, huenda ukamkuta mama kwenye mkeka anatunga shanga za kiunoni. Ungo uko magotini. Anachovya ncha ya uzi kwenye rundo, anaiinua ikiwa imeshika shanga nne au tano, anazisukuma chini kwa kidole gumba, anachovya tena. Mkono hautazami hata kidogo. Anazungumza na jirani habari za bei ya mahindi.

Katika karne ya 19 kazi hiyohiyo ilifanyika mtaa wa Castello, Venezia. Wanawake waliketi vizingitini mwa nyumba zao, sinia la mbao mapajani, wameshika sindano ndefu nyingi kwa pamoja, zimetawanyika kama kipepeo, wanachota shanga kama mtu anayechota maji. Kwao waliitwa impiraresse. Sehemu ya shanga walizotunga ililetwa kwetu.

Venezia ni mji wa wakimbizi. Walombardi walipovamia Italia mwaka 568, watu wengi wa bara walikimbilia visiwa vidogo katikati ya maji mafupi ya chumvi, mahali ambapo farasi wa adui hawezi kupita. Shamba hawakuwa nalo. Walikuwa na chumvi, samaki na mashua. Baadaye walisimika magogo kwenye tope, juu yake wakapanga mawe, juu ya mawe wakajenga mji. Kwa mtu wa Mbinga hadithi hii si ngeni. Wamatengo wa huko nao husimulia jinsi wazee wao walivyojibana milimani katika karne ya 19, Wangoni walipowaandama, na mteremko ambao mwingine angeuona haulimiki wakaulima kwa ngolo: majani yaliyofyekwa hupangwa kwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika, kikabaki kishimo cha kunasa maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mmoja alishinda tope, mwingine akashinda mteremko.

Wakimbizi wale wa majini walitajirika. Waliiita nchi yao jamhuri, na mkuu wao, Doge, alichaguliwa, akatawala hadi kufa, lakini hakuruhusiwa hata kufungua barua za kutoka nje bila washauri wake kuwepo. Tusiipambe sana jamhuri hiyo. Kuanzia mwaka 1297 mlango wa Baraza Kuu ulianza kufungwa, na uongozi ukabaki kwa koo chache za wafanyabiashara. Mvuvi hakuwa na kura. Nguvu ilikuwa kwenye Arsenale, karakana ya serikali ya kuunda merikebu, na kwenye viungo vilivyopitia Misri na Shamu. Na walinunua watu pia: watumwa kutoka pwani za Bahari Nyeusi walihudumu katika nyumba zao.

Kisha Mreno Vasco da Gama akazunguka kusini mwa Afrika, akafika India mwaka 1498. Habari zilipoenea Venezia mwaka 1501, mfanyabiashara Girolamo Priuli alijaza hofu yake kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku. Kilwa haikupata muda wa kuandika hofu. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wake kulipa dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kuupora. Miji miwili iliyoishi kwa bahari, mmoja ukinunua viungo, mwingine ukiuza dhahabu ya Sofala, iliumizwa na Wareno walewale. Venezia ilijikongoja, biashara ya pilipili kupitia Bahari ya Shamu ilifufuka tena katikati ya karne ya 16. Lakini Kupro ilikwenda kwa Waturuki mwaka 1571, Krete mwaka 1669. Wakati mkahawa wa Florian unafunguliwa mwaka 1720 (upo hadi leo, na mkulima wa kahawa wa Mbinga angestaajabu bei ya kikombe kimoja), mji ulikuwa umeanza kuishi kwa anasa kuliko kwa meli. Tarehe 12 Mei 1797, jeshi la Napoleon likiwa mlangoni, Baraza Kuu lilipiga kura ya kujifuta lenyewe. Ludovico Manin akawa Doge wa mwisho.

Kilichobaki ni kioo. Tangu mwaka 1291 tanuri za kioo zilikuwa zimehamishiwa kisiwa cha Murano kwa hofu ya moto. Ushanga mdogo huanza kama donge la kioo laini lenye tundu la hewa ndani. Mafundi wawili hulishika, kila mmoja upande wake, kisha huachana mbio, na donge likavutika kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita, tundu likiwemo bado. Mrija hukatwa vipande vidogo, matundu yakajazwa chokaa na unga wa mkaa yasizibe, vipande vikazungushwa motoni mpaka kingo kali ziishe.

Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri bara ya Afrika Mashariki kati ya 1857 na 1859, alitaja aina zipatazo 400 za shanga zilizojulikana sokoni. Iliyotamaniwa zaidi ni samesame, nyekundu nje, nyeupe ndani, kazi ya Venezia. Ilipewa hata jina la mvunja miji, kwa jinsi ilivyowatia watu wazimu. Shanga, vitambaa vya merikani na baruti vilitoka Kilwa Kivinje mabegani mwa wapagazi mpaka Nyasa. Vilivyorudi pwani ni pembe za ndovu na watu. Livingstone, aliyelifikia ziwa mwaka 1859, aliambiwa na Rigby, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, kwamba watumwa 19,000 wa nchi ya Nyasa pekee walipita forodha ya Zanzibar kila mwaka. Ndiyo miaka ambayo milima ya Umatengo ilikuwa kimbilio.

Mwanamke wa Castello alilipwa kwa mafungu aliyomaliza kutunga. Fungu lilitoka kizingitini pake likapakiwa melini, likashushwa Zanzibar, likafunguliwa Kivinje, likafungwa upya kuwa mzigo wa mpagazi. Wiki nyingi baadaye lilifika ziwani, na huko likahesabiwa tena, tungo moja moja, mbele ya mtu aliyeketi chini amefungwa shingo.