Historia ya Vifaa vya Kuchunguza Hitilafu katika Bodi za Prosesa Pachikwa: Mfano wa Mita za LUKU Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya emuleta, yaani vifaa vya kielektroni vinavyomwezesha fundi kusimamisha, kusoma na kuendesha hatua kwa hatua prosesa iliyopachikwa ndani ya bodi. Mfano unaotumika ni mita ya umeme wa kulipia kabla, maarufu kwa jina la LUKU, kama inavyotumika katika Wilaya za Mbinga na Nyasa mkoani Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba kadiri uwezo wa uchunguzi ulivyohamia ndani ya prosesa yenyewe, ndivyo mlango wa kuufikia ulivyozidi kuwa mwembamba, hadi ukafungwa kwa makusudi. Marekebisho ya mita mwaka 2024 yalidhihirisha matokeo ya mwenendo huo kwa mtumiaji wa mwisho.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi Mbinga ilipata umeme kutoka katika jenereta za dizeli zisizounganishwa na gridi ya taifa. Hali hiyo ilibadilika baada ya kukamilika kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea mwaka 2018. Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, ilikuwa imekwisha kumegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Barabara ya kilomita 66 hivi hushuka kutoka milima ya Wamatengo, penye kahawa na mashimo ya ngoro, hadi ufukweni mwa ziwa. Umeme nao umeshuka kwa mwelekeo huohuo, na kila nyumba iliyounganishwa imepokea kompyuta ndogo ukutani, ingawa wenyeji huiita mita tu.

Ndani ya mita hiyo mna prosesa, kumbukumbu ya kudumu, vipimio vya volti na mkondo, skrini, vitufe vya tarakimu na swichi ya kukata umeme. Kwa hiyo mita ni bodi ya prosesa pachikwa kwa maana kamili. Swali la insha hii ni la kihistoria: nani ameweza kuona kinachotendeka ndani ya bodi ya namna hii, na kwa kutumia kifaa gani?

2.0 Zama za soketi: 1975 hadi miaka ya 1980

Prosesa Intel 8080 ilitoka mwaka 1974 ikiwa na pini 40. Mtu aliyeijengea bodi alikabiliwa na tatizo ambalo fundi wa redio hakulijua. Redio iliyoharibika hupimwa kwa mita ya volti, sehemu baada ya sehemu. Bodi yenye prosesa huweza kuwa na volti sahihi kila mahali na bado ikashindwa kufanya kazi, kwa kuwa kosa limo katika mfuatano wa maagizo yanayopita kwa maelfu kila sekunde.

Jibu la Intel lilikuwa ICE-80, iliyotolewa mwaka 1975. Prosesa iling'olewa katika soketi yake, na mahali pake pakachomekwa plagi yenye pini zilezile, iliyounganishwa kwa kebo na mtambo wa usanifu. Mtambo huo uliigiza prosesa iliyoondolewa, na jina la emuleta likatokana na kazi hiyo. Sifa zake kuu zilikuwa nne. Kwanza, fundi aliweza kuweka vituo vya kusimamisha programu katika anwani aliyoitaka. Pili, aliweza kusoma na kubadili rejesta na kumbukumbu. Tatu, mtambo ulihifadhi rekodi ya hatua za mwisho kabla ya programu kusimama, hivyo sababu ikaweza kutafutwa nyuma ya tokeo. Nne, kumbukumbu ya mtambo iliweza kuazimwa na bodi, na programu ikajaribiwa kabla ya kuchomwa katika chipu.

Njia hii ilitegemea sharti moja: nyaya za anwani na data zionekane nje ya prosesa. Sharti hilo lilivunjika pale programu, kumbukumbu na prosesa vilipowekwa pamoja katika chipu moja, kama ilivyokuwa kwa 8048 ya mwaka 1976 na 8051 ya mwaka 1980. Agizo liliposomwa ndani kwa ndani, pini za nje hazikuonyesha chochote. Watengenezaji walitoa chipu maalumu zenye pini za ziada, ambazo zilitoa nje ishara zilizofichwa katika chipu ya kawaida. Chipu hizo zilitengenezwa chache na kuuzwa ghali. Aidha, kasi ya saa ya prosesa ilipopanda, kebo ndefu yenye nyaya nyingi iliharibu ishara ilizobeba, na emuleta yenyewe ikawa chanzo cha hitilafu.

3.0 Uchunguzi unahamia ndani ya chipu

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Motorola iliweka ndani ya prosesa zake hali maalumu ya uchunguzi: prosesa husimama na kupokea amri kupitia nyaya chache, bila kung'olewa. Wakati huohuo kundi la watengenezaji lililoanza kazi mwaka 1985 lilikuwa likitafuta njia ya kupima viungo vya bodi zilizosongamana mno kwa sindano za kupimia. Kazi yao ilizaa kiwango cha IEEE 1149.1 mwaka 1990, kijulikanacho kwa jina la JTAG. Kiwango hicho huhitaji ishara nne: saa, uchaguzi wa hali, data ya kuingia na data ya kutoka. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya kupima viungo ikageuzwa kuwa njia ya kuchunguza programu.

Mfano mashuhuri ni ARM7TDMI ya miaka ya 1990. Ndani yake mlikuwa na vitengo viwili vya kulinganisha anwani na data. Kimoja kingetumika kusimamisha programu mahali fulani, na kingine kusubiri kumbukumbu fulani iguswe. Idadi hiyo ndogo ilikuwa na uzito mkubwa kwa fundi. Katika kumbukumbu inayoandikika, kituo cha kusimamisha huweza kuwekwa kwa kubadili agizo lenyewe. Katika kumbukumbu ya kudumu hilo ni gumu, hivyo vituo vya kieletroni pekee ndivyo vinavyotegemewa. Prosesa Cortex-M3 ya mwaka 2004 iliongeza walinganishi wa maagizo hadi sita, na njia yake mpya ya uchunguzi ikahitaji nyaya mbili tu.

Kutoka pini 40 hadi nyaya mbili: kwa mtazamo wa gharama, haya ni maendeleo yasiyo na shaka. Kifaa kilichokuwa kikijaza meza sasa hutoshea kiganjani. Hata hivyo, mlango mwembamba ni rahisi kufungwa. Soketi haikuwa na kufuli. Nyaya mbili huzimwa kwa biti moja iliyoandikwa ndani ya chipu kabla haijatoka kiwandani.

4.0 Mita ya LUKU na mlango uliofungwa

Mtengenezaji wa mita ana sababu nzuri ya kufunga mlango huo. Mita nyingi za kulipia kabla hufuata kiwango cha STS kilichoasisiwa Afrika Kusini, ambacho baadaye kilikuwa kiwango cha kimataifa IEC 62055-41. Kila mita hubeba ufunguo wake wa siri. Anayeweza kuusoma ufunguo huo anaweza kujitengenezea umeme wa bure. Mlango wa uchunguzi ukiachwa wazi, siri hiyo haina ulinzi.

Kilichobaki wazi ni vitufe vya tarakimu. Tokeni ya tarakimu 20 hubeba biti 66: aina na tawi la tokeni, sehemu ya nasibu, kitambulisho cha muda, kiasi cha umeme na hesabu ya kuthibitisha usahihi. Lakini si kila tokeni huleta umeme. Kiwango kinaruhusu pia tokeni za majaribio, zinazoiamuru mita ijaribu skrini au swichi yake, au ionyeshe jumla ya umeme uliotumika, na tokeni za usimamizi, kama ile ya kufuta alama ya kuchezewa kwa mita. Kwa mtazamo wa historia tuliyoieleza, vitufe hivi ni mrithi wa mbali wa ICE-80: vinasoma hali ya ndani na kubadili baadhi ya thamani zake, ila kwa orodha fupi ya maswali aliyokwisha kuyachagua msanifu.

Ufinyu huo ulijitokeza mwaka 2024. Kitambulisho cha muda kina biti 24 na huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, nazo zingekwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita hukataa kitambulisho ilichokwisha kukipokea au kilicho cha zamani kuliko vyote inavyovikumbuka. Kwa hiyo kuanza upya kwa hesabu kulihitaji mita ifute kumbukumbu hiyo na kupokea ufunguo mpya. Katika mfumo wa kisasa wenye mtandao, kazi hiyo ingefanywa kwa mbali. Katika bodi iliyofungwa ililazimu kupita kwenye vitufe. Ufunguo wa biti 64 hauenei katika tokeni moja, hivyo uligawanywa nusu mbili za biti 32. Ndiyo sababu ya kiufundi iliyomfanya mteja aingize makundi mawili ya tarakimu kabla ya tokeni ya umeme aliounua.

Kwa namna hiyo mteja wa Liuli au Lituhi alikabidhiwa kazi ambayo zamani ilikuwa ya mhandisi mwenye emuleta: kuandika thamani mpya ndani ya kumbukumbu ya prosesa. Tofauti ni kwamba hakupewa dirisha la kuona matokeo zaidi ya ujumbe mfupi wa kukubali au kukataa. Kaya inayonunua umeme mwingi baada ya mauzo ya kahawa na kuhifadhi tokeni kwa matumizi ya baadaye, au nyumba ya mvuvi inayofungwa kwa miezi, iko katika hatari ya pekee, maana tokeni iliyotolewa chini ya ufunguo wa zamani haina maana kwa mita yenye ufunguo mpya.

5.0 Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba kufunga mlango ni kosa. Usalama wa mapato ya shirika la umma ni maslahi ya mwananchi pia. Inachoonyesha ni kwamba ukarabati umetenganishwa na ufahamu. Fundi aliyeko Mbamba Bay, mbele ya mita inayokataa tokeni, hana njia ya kujua iwapo kosa limo katika kumbukumbu, katika swichi au katika tarakimu zilizoandikwa vibaya, zaidi ya yale ambayo tokeni za majaribio zinaruhusu. Uamuzi unaobaki mara nyingi ni kubadilisha kifaa kizima.

Kuna nafasi kati ya bodi iliyo wazi kabisa na bodi iliyo bubu. Mita inaweza kulinda ufunguo wake na bado ikatoa rekodi ya makosa yake kwa lugha anayoielewa fundi. Uamuzi wa kuweka au kutoweka rekodi hiyo hufanyika wakati wa kuandika masharti ya zabuni, kabla mita haijasafirishwa kwenda Mbinga. Hapo ndipo historia ya emuleta inapomhusu mnunuzi wa umma kuliko inavyomhusu mhandisi wa kiwandani.