Upinde wa Sungusungu

Kwetu visiwani sungusungu ni mdudu: chungu mweusi aumaye, ambaye tulifunzwa tangu utotoni kuiruka safu yake tusije tukajuta. Nilikuwa ningali mtoto wa skuli, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipolisikia neno hilo likitajwa kuwa ni jina la watu, nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Huko Usukumani na Unyamwezini, katika nchi ya Kahama na majirani zake, wanavijiji walikuwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi wenye bunduki. Wakajikusanya kwa kiapo, wakashika pinde na mishale na filimbi, wakajiita sungusungu. Filimbi ikilia kijiji kimoja, kijiji cha pili hudaka na cha tatu huendeleza, hata mwizi akajikuta nchi nzima imeamka mbele yake.

Kutoka huko desturi hiyo ilisafiri hadi mkoa wa Mara, kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, na huko ndiko ninakotaka kukaa na msomaji kwa kitambo. Aliyefika Mugumu au Morotonga atajua kwamba ng'ombe katika nchi ile ni zaidi ya mali. Ng'ombe ni mahari, na bila mahari hakuna nyumba. Vijana wa zamani waliiba mifugo ya koo nyingine wakahesabiwa mashujaa, nao walikwenda kwa mkuki na mshale. Lakini Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, viliingiza kitu kipya. Wakurya wengi walikuwa askari, na baada ya Idi Amin kuanguka baadhi ya bunduki za vita zilifika vijijini. Wakati huo huo ng'ombe wa wizi alikwisha kuwa bidhaa: akivushwa mpaka hadi Kenya, anauzwa kwa fedha taslimu, wala harudi tena. Mtafiti wa Kimarekani Michael Fleisher, aliyeandika kitabu juu ya wezi wa mifugo wa Kikurya kilichotoka mwaka 2000, ameyaeleza mageuzi hayo kwa urefu. Wizi uliokuwa baina ya ukoo na ukoo uliingia ndani ya ukoo wenyewe, jirani akamwibia jirani.

Hapo ndipo sungusungu wa Kikurya walipopata kazi. Nyuma yao palikuwa na ritongo, yaani baraza la jamii nzima, ambapo mtu hutajwa kwa jina mbele ya watu wanaomjua tangu kuzaliwa, akaulizwa, akakiri au akakana, akatakiwa arejeshe mifugo. Mwaka 1998 Wakurya wa upande wa Kenya nao waliuchukua mtindo huu kutoka kwa ndugu zao wa Tanzania. Suzette Heald, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, ameandika jinsi wizi ulivyopungua huko kwa ghafla.

Ninachokitazama mimi katika habari hii ni silaha yenyewe. Upinde haufichiki. Mwenye upinde mabegani anaonwa na mkewe, na mzee wa baraza, na mtoto achungaye mbuzi. Anajulikana ametoka wapi na ametumwa na nani. Bunduki ya mwizi ilikaa darini, ikatoka usiku. Sisi wa pwani tusishangae sana, kwani babu zetu waliziona jambia za Waarabu viunoni mchana kweupe, na kila aliyeitazama jambia alijua cheo cha mwenyewe kabla hajajua jina lake. Ila jambia ile ilitangaza heshima ya mtu mmoja, na upinde wa sungusungu ulitangaza zamu: leo wangu, kesho wako.

Sheria ya serikali haikuwa na pahala pa kuwaweka watu hawa. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza inamkataza mtu kutembea hadharani na silaha, pasipo sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Asili ya katazo hilo ni ya mbali mno, kwani Uingereza ilitunga sheria ya jinsi hiyo huko Northampton mwaka 1328. Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo kongwe ilibishaniwa mjini Washington mwaka 2022, pale Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba raia ana haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Majaji walio wengi wakaona ya Northampton hayawafungi. Mmarekani huyo hubeba silaha kwa haki yake mwenyewe, hahitaji kutumwa na mtu. Tanzania ilishika njia nyingine. Bunduki haimilikiwi ila kwa leseni, na sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 imeendeleza hayo. Ama sungusungu, Mwalimu Nyerere na viongozi wa Chama waliwaunga mkono huku polisi na mahakama wakinung'unika, mpaka mwaka 1989 sheria za mgambo ziliporekebishwa, nao wakapewa uwezo wa kukamata.

Kukamata tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu hata raia wa kawaida kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Vijijini njia ya kituo cha polisi ilikuwa ndefu, na walalamikaji walisema mwizi hufika mapema kuliko wao na kutoka mapema zaidi. Basi kukamata kuligeuka kuhukumu. Watu walipigwa ili wakiri. Wengine walitengwa, wakanyimwa moto na maji. Usukumani palikuwa na vikongwe waliotuhumiwa uchawi wakauawa, na baadhi ya sungusungu wakafikishwa mahakamani kwa mauaji. Sipendi kuyapita haya mbio, kama wapitavyo wale wanaosifu ulinzi wa jadi majukwaani. Ritongo lililomjua mtu tangu kuzaliwa liliweza pia kumchukia tangu kuzaliwa.

Nimewahi kutakiwa kulitafsiri neno hili kwa Kiingereza. Neno walilonalo wao kwa raia wanaoshika silaha kuwazuia wahalifu lina harufu ya mtu aliyejitwalia sheria kwa nguvu, na aliyenipa kazi alitaka nilitumie. Sikuona kama lingemfaa mtu aliyelala mlangoni pa zizi la jirani yake kwa sababu usiku ule ilikuwa zamu yake. Wala sikuona neno la sifa ambalo lingemfaa yule aliyemfunga bibi kizee kamba. Niliandika "sungusungu", nikaeleza pembeni kwamba ni chungu mweusi.