Nani Aamue Hadithi, na kwa Kipimo Gani?



Kamati yetu imenipa kazi ya kutunga utaratibu wa kuamua mashindano ya hadithi fupi shuleni. Nimeona kwanza tutazame waliotutangulia.

Huko China, yapata miaka elfu moja iliyopita, mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ilisahihishwa majina yakiwa yamefunikwa. Ikaonekana kuwa mwandiko nao hutaja mwenyewe, basi wakawekwa makarani wa kunakili upya kila karatasi kabla mtahini hajaisoma. (Sisi wa maofisini tunajua: mwandiko wa mkubwa hutambulika hata pasipo saini.) Kwetu, Baraza la Mitihani lililoundwa mwaka 1973 hutumia namba.

Lakini hadithi si hesabu. Jina lifichwe, kazi ipigwe taipu, lugha hubaki. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kukisimamia. Jambo hilo lilitupatia vitabu tunavyoelewana sote. Hata hivyo lilimpa mwamuzi kalamu nyekundu. Nikiwa kidato cha tatu nilipeleka hadithi ya wavuvi wa Mitwero kwenye mashindano fulani, nje ya shule. Bibi wa katika hadithi alisema kama wasemavyo bibi zetu wa Lindi. Ilirudi maneno yake yote yamepigwa mstari, na juu ya kisa chenyewe hapakuwa na neno hata moja. Sikuandika tena hadi nilipofika Chuo Kikuu.

Wala hili si dogo. Mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 hadi 1958 ndiyo yaliyompa ushindi Muhammed Said Abdulla kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikatoka kitabu mwaka 1960, na Bwana Msa angali anasomwa. Waamuzi wangaliweza kukosea.

Kwa hiyo napendekeza waamuzi watatu, mmoja wao awe mwenyeji wa pwani yetu. Kila mmoja aandike alama zake peke yake kabla ya kukutana. Mwenye mtoto au mpwa mashindanoni ajitoe. Masimulizi yapimwe kwa Kiswahili sanifu. Maneno ya wahusika yapimwe kwa ukweli wa msemaji.

Kifungu hicho cha mwisho Kamati haijakikubali. Wenzetu wawili wanahofu kuwa vijana watakigeuza kisingizio cha kutojifunza sarufi. Tutakipigia kura siku ya mkutano mkuu, nami nitakuja na ile hadithi ya wavuvi, pamoja na mistari yake myekundu.