Ngiri si busha, na mkanda hauiponyi

Mjomba wangu mvuvi alificha ngiri miaka kibao, watu wakidhani busha. Busha ni maji kwenye korodani. Ngiri ni utumbo unaopenya tundu la misuli ya kinena, mara nyingi ukilala unarudi ndani.

Mkanda na mizizi havizibi tundu. Dawa ni kisu tu: daktari anarudisha utumbo, anashona au anaweka wavu. Msicheke, utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulipima wanaume 302. Karibu nusu waliwekewa wavu wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa mvuke kuua vijidudu. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mmoja tu. (Usikate cha kwako nyumbani, hehe.) Kidonda kinaweza kuvimba au kuota usaha, na wengine hubaki na maumivu.

Ila uvimbe ukiwa mgumu, haurudi, unauma sana na unatapika, usingoje asubuhi! Utumbo umebanwa, damu haipiti, unaoza ndani ya masaa. Panda hata bodaboda mpaka Ligula.

Mjomba alichelewa, akakatwa kipande cha utumbo. Yupo hai, mtumbwi tumeuza.